Kutengeneza ukuta mkongwe wa mawe, matofali au bloku bila kuuharibu zaidi

Pita mtaa wowote wa zamani wa pwani, iwe Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mji wa Kale Mombasa, uangalie kuta kuanzia chini kwenda juu. Mita ya chini imepigwa saruji ya kijivu. Saruji hiyo imevimba, imepasuka na inadondoka kwa vipande vipana. Juu yake ipo lipu ya chokaa waliyoiacha mababu: imechujuka rangi, lakini imeshika. Aliyetia saruji alitaka kuuimarisha ukuta. Kilichotokea ni kwamba aliufungia maji ndani, na maji ndiyo yanayoula.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nyumba za mawe na chokaa, kwa sababu ndizo zinazoharibiwa zaidi na ukarabati kuliko na umri. Matofali ya kuchoma na bloku za saruji nitayagusa mwishoni. Huko kazi ni fupi zaidi, ingawa nayo ina mitego yake.

1. Jua ukuta wako umejengwa kwa nini

Usianze na mwiko, anza na msumari. Tafuta mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya ngazi, ubandue lipu eneo la ukubwa wa kiganja. Pima pia unene wa ukuta kwenye dirisha. Ukikuta nusu mita au zaidi, hiyo ni nyumba ya mawe ya matumbawe. Ndani utakuta mawe yasiyo na umbo maalumu, yaliyoshikwa na chokaa, mara nyingi iliyochanganywa na udongo mwekundu. Chokaa ya zamani inakwaruzika kwa msumari na ina vidonge vidogo vyeupe ambavyo havikusagika. Saruji ni ya kijivu, na msumari unateleza juu yake.

Hili si jambo la kupita haraka, maana ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Kanuni ni hii: unachotia kiwe laini kuliko kile unachokitengeneza, au angalau kisikizidi ugumu. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua kupitia maungio yake na lipu yake. Ukiuvika saruji, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, na boriti za mikoko zilizodumu miaka zaidi ya mia zinaoza zikiwa zimefichwa.

2. Tafuta maji yanakotoka kabla ya kununua chochote

Ukuta uliobomoka ni matokeo. Chanzo kwa kawaida ni kimojawapo kati ya hivi: gata iliyoziba au iliyotoboka, mlizamu unaomwaga maji ukutani badala ya kuyatupa mbali, bomba la choo cha ghorofani, kiyoyozi kinachodondosha maji mahali pamoja mchana kutwa, au ardhi ya nje iliyopanda. Hicho cha mwisho watu hukisahau. Njia inamwagiwa zege leo, inaongezwa tena baada ya miaka, na hatimaye sakafu ya nje inakuwa juu kuliko ya ndani. Mvua ikinyesha, maji yanakaa yakiegemea ukuta.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki kiasi cha mita moja kwenye ukuta unaopumua. Doa likiwa juu ya dirisha, usilaumu msingi, panda ukague paa. Na kama huna hakika ni unyevu wa ukuta au ni jasho la hewa ya chumba, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya doa, ukizibe pande zote kwa gundi ya utepe, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakikaa upande wa chumbani, fungua madirisha.

Rekebisha chanzo, kisha ngoja. Watu hawapendi kusikia hili. Kanuni ya kukadiria ni kwamba ukuta hukauka karibu sentimita mbili na nusu kwa mwezi. Ukuta wa nusu mita unaokaukia pande zote mbili unahitaji miezi, wala si wiki. Si lazima hatua zote za kazi zisimame, ila ukipiga lipu juu ya ukuta unaochuruzika utairudia.

Ukitaka kushusha ardhi ya nje, ishushe hadi iwe sentimita 15 hivi chini ya sakafu ya ndani, na uipe mteremko wa kwenda mbali na nyumba. Lakini usichimbe mtaro mrefu wa kwenda chini ukigusana na ukuta. Misingi ya nyumba hizi mara nyingi ni mifupi, na mtaro wa kukausha umewahi kugeuka mtaro wa kuangusha.

3. Soma nyufa

Chora mstari wa penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe pembeni, na upime upana wake mara moja kwa mwezi, masika na kiangazi. Ufa usiotembea ni kidonda kilichopona na unaweza kuujaza. Ufa unaopanuka hauzibwi kabla ya kujua unavutwa na nini.

Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kuelekea kona unaonyesha msingi umeshuka upande huo. Ufa wa mlalo chini ya paa unaonyesha paa linasukuma ukuta nje, au kichwa cha boriti kimeoza. Ufa wa kutoka pembe ya dirisha mara nyingi ni kizingiti kilichochoka. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga wakati wa mvua, hasa maeneo ya udongo mweusi wa mbuga, unatokana na udongo unaovimba na kusinyaa. Hapo lipu haisaidii kitu.

Ita mhandisi ufa ukizidi milimita 5, ukuta ukiwa umetoka tumbo, au timazi ikionyesha umeinama. Weka mirunda (nguzo za kuegemeza) kwanza, maswali baadaye. Beit al-Ajaib, jengo la Mji Mkongwe wa Zanzibar lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, lilianza kwa kumomonyoka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka na watu wakapoteza maisha. Nyumba ya kawaida haina uzito ule, lakini ukuta wa mawe hufa kwa njia ile ile: ndani unalegea, nje unaonekana mzima.

Na kibali. Ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kazi ya ukarabati hupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kwa Lamu, iliyoingia orodha hiyo mwaka 2001, waone watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nenda mapema, hata kama unadhani kazi ni ndogo. Mara nyingi ndio wanaowajua waashi ambao bado wanaiweza chokaa.

4. Chokaa na mchanga

Chokaa nzuri kuliko zote ni ya shimoni: iliyozimwa kwa maji mengi na kulazwa wiki nyingi, ikiwezekana miezi mitatu, ikiwa imefunikwa na maji. Ikiiva inakuwa laini na inang'ang'ania mwiko. Ukiikosa, tumia ya mfuko, lakini iloweke angalau usiku kucha kabla ya kuchanganya, na uhakikishe mfuko ni mpya. Chokaa ya mfuko iliyokaa dukani mwaka mzima, mfuko umepasuka, imeshaanza kurudi kuwa jiwe. Utalipia vumbi.

Ukiizima mwenyewe chokaa mbichi kutoka tanuu, vaa miwani ya kukinga, glavu na buti. Chokaa hutiwa kwenye maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya rundo la chokaa, kwa sababu huchemka na kuruka. Weka ndoo ya maji safi pembeni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi bila kuacha kwa dakika 20 huku mtu akitafuta usafiri wa hospitali. Watoto wasifike hapo, na shimo lifunikwe usiku.

Mchanga uwe wa mto au wa machimbo, wenye punje kubwa na ndogo, unaokwaruza ukiusugua kiganjani. Mchanga wa pwani ya bahari ni marufuku kwa sababu ya chumvi yake. Fundi mzee atauonja kwa ulimi, na kipimo hicho hakina gharama. Kupima udongo uliomo, jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha itulie. Tabaka la matope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au utafute mwingine.

Vipimo: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Mahali panapolowa sana au msimu wa unyevunyevu, ongeza nusu sehemu ya unga wa matofali ya kuchoma uliochekechwa. Unasaidia chokaa kushika hata hewa ikiwa nzito. Changanya kwa kuponda na kukanda muda mrefu, bila kuongeza maji ovyo. Mchanganyiko ukianza kukauka, mara nyingi kuukanda tena kunatosha. Kwa makadirio, ukuta wa mita 10 za mraba kwa lipu ya sentimita 2 unataka ndoo 11 hivi za mchanga za lita 20 na karibu ndoo 4 za chokaa. Ukuta wa matumbawe una mashimo, kwa hiyo ongeza kidogo.

Hapa ndipo ubishi huanza. "Tutie saruji kidogo tu, mzee, ishike haraka." Maneno haya utayasikia kazini kila wiki, na anayeyasema si mvivu. Analipwa kwa siku, na chokaa inamchelewesha. Patana naye mapema kwa kazi nzima badala ya kwa siku, na umwambie wazi: "Fundi, ukuta huu hauingii saruji hata kijiko, muda nakupa." Saruji kidogo ndani ya chokaa inaivuruga isishike vizuri, na haiwi saruji kamili pia. Kwa ukuta wa matumbawe, usikubali.

5. Kubandua na kuchokoa

Gonga lipu yote kwa mpini wa nyundo ukisikiliza. Inayolia kwa sauti ya uwazi, iondoe. Inayolia kwa uzito, iache, hata kama ni mbaya kwa macho. Chokaa ya zamani iliyoshika ni bora kuliko yoyote utakayoweka. Saruji iliyowekwa juu ya mawe itoe kwa tindo na nyundo ndogo, ukianzia kwenye ukingo ulioinuka na ukilaza tindo karibu sambamba na ukuta. Pale ambapo saruji imeng'ang'ania jiwe kiasi cha kuling'oa, iache kwa sasa. Kazi ya kubandua ipande hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu.

Maungio yachokoe kwa mkono. Mashine ya kukatia ina haraka, lakini inakula mawe na inaacha alama usiyoweza kuifuta. Kina kiwe angalau sentimita 2.5, au mara mbili ya upana wa ungio. Ukikuta ndani ni unga mtupu, endelea hadi ufike pagumu, lakini usifungue zaidi ya mita moja kwa wakati mmoja. Jaza kipande hicho, kiache kishike, kisha sogea.

Chumvi inayochipuka juu ya mawe ifagie ikiwa kavu, kwa brashi ngumu ya nyuzi, na uikinge kwa turubai ili isirudi ardhini. Usiioshe. Ukimwaga maji inayeyuka, inaingia ndani, na wiki ijayo imetoka tena. Ukuta ulioliwa na chumvi kwa miaka mingi hautapona kwa mkupuo mmoja. Lipu ya kwanza ya chokaa itaivuta chumvi na kuharibika badala ya jiwe, na baada ya miaka michache utaibandua na kupiga nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya lipu ya chokaa. Ukilijua hilo mapema hutamgombeza fundi bure.

6. Kujaza, lipu, na kulea

Msimu unaofaa zaidi ni baada ya masika, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapovuma na jua halijawa kali. Kazi ya Januari na Februari inawezekana, ila kwa kivuli cha magunia na maji mengi.

Lowesha ukuta jioni ya siku iliyotangulia na tena asubuhi, hadi usinywe maji kwa pupa, lakini pasiwe na maji yanayong'aa juu. Sukuma mchanganyiko ndani kabisa ya ungio kwa kipande cha chuma chembamba, si kwa ncha ya mwiko ambayo huishia kupaka uso tu. Tabaka moja lisizidi sentimita 2. Shimo kubwa lijaze kwa vipande vya matumbawe au vya matofali vilivyoloweshwa, ukivipigilia ndani ya chokaa. Ukijaza shimo kwa chokaa tupu, itasinyaa na kupasuka.

Lipu ya kwanza irushwe kwa mwiko, unene wa sentimita 1, na uikwaruze ikiwa bado mbichi. Ngoja hadi kucha ya dole gumba isiache alama. Ni siku kadhaa, pengine wiki na zaidi. Kisha tabaka la pili. Likianza kutoa nyufa ndogo za kusinyaa, rudi na ubao wa kusugulia, uzibane hadi zifunge. Hii ndiyo hatua mafundi wa saruji huikosa, kwa sababu saruji haisubiri mtu arudi. Mwisho ni neru, tabaka jembamba la chokaa na mchanga laini, milimita 3 hivi.

Chokaa haigandi kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na kwa hilo inahitaji unyevu kidogo. Ikikauka kwa siku moja inabaki unga. Ning'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta, yasiguse lipu, na unyunyize maji asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima au zaidi. Mwachie mtu mmoja jukumu hilo kwa jina. Kazi ya watu wote haina mwenyewe.

Kwa rangi, tumia maji ya chokaa, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano myembamba, kila siku mmoja, juu ya ukuta ulionyunyiziwa. Rangi ya mafuta, na nyingi za plastiki, zinafunga ukuta na kukurudisha ulikotoka.

Matofali ya kuchoma

Nyumba za Iringa, Mbeya au Morogoro zina ugonjwa tofauti. Tofali lililokaa pembeni ya tanuri halikuiva, na mvua inalila uso hadi libaki bonde kati ya maungio. Gonganisha matofali mawili: yaliyoiva yanalia kwa sauti kali, mabichi yanatoa sauti nzito na kupukutika.

Kulibadilisha tofali moja, kata ungio linalolizunguka, ulivunje lenyewe katikati na kulitoa vipande vipande. Usilitikise kwa nguvu, utalegeza jirani zake. Ukifanikiwa kulitoa zima, jaribu kuligeuza: uso wa ndani mara nyingi haujaguswa na mvua. Lowesha tundu, tandika mchanganyiko chini na pembeni, lisukume, kisha jaza juu kwa kubana sana. Kipimo kinachofaa ni 1 saruji, 2 chokaa, 9 mchanga. Kama maungio ya zamani ni ya udongo, na nyumba nyingi za kijijini ziko hivyo, piga pointi (jaza maungio) kwa chokaa na mchanga bila saruji, na urefushe upenu wa bati. Upenu mrefu utaokoa ukuta huo kuliko kazi yoyote ya mwiko.

Bloku za saruji

Hapa saruji ni halali, maana ukuta wenyewe ni saruji. Lakini nyumba nyingi za miaka 20 au 30 karibu na bahari zinaliwa na chumvi chini kwa sababu mbili: bloku zilifyatuliwa kwa mchanga wa bahari, au hakuna nailoni iliyowekwa juu ya msingi. Fundi atabandua lipu na kupiga nyingine ya saruji nyingi zaidi. Chumvi itatokea juu yake. Bandua, fagia kavu, acha ukuta wazi kwa kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha piga lipu ya 1 saruji, 1 chokaa, 6 mchanga, na usipake rangi ya mafuta. Bloku zilizokuwa unga zitoe mbili au tatu kwa wakati mmoja, tia mpya, ngoja zishike kabla ya kufungua zilizo jirani.

Bloku zilizopasuka katikati hazizibwi kwa lipu. Zing'oe na ujenge mpya zinazoshikana na za pembeni. Mahali bloku inapokutana na nguzo ya zege, tandaza wavu wa kuku na kuupigilia misumari kabla ya lipu, kwa sababu vitu hivyo viwili havitanuki sawa.

Kinachonitia hofu zaidi kwenye nyumba za bloku ni lenta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya dirisha au mlango. Ukiona mstari wa kutu au ufa unaofuata nondo juu ya dirisha, ujue nondo inaoza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana zege linapasuka. Weka mirunda chini ya lenta. Vunja zege bovu hadi upite nyuma ya nondo na ufike kwenye chuma kisicho na kutu pande zote. Sugua kwa brashi ya waya hadi ing'ae, ipake rangi ya kuzuia kutu, lowesha zege la zamani, kisha jaza kwa 1 saruji na 3 mchanga safi, ukibana kwa tabaka. Mwagilia wiki nzima. Nondo ikiwa imekonda kiasi cha kuonekana kwa macho, usiifunike. Lenta hiyo inavunjwa na kumwagwa upya, na hiyo ni kazi ya mhandisi kusimamia, huku mirunda ikibaki mahali pake hadi zege jipya lifikishe siku 28.